Mwaka Mzima Juu ya Baiskeli

Habari za washindani waliokwenda mwendo wa kuizunguka dunia mara tatu kwa siku 365

Huku kwetu Yaeda Chini baiskeli si kitu cha mchezo. Ndiyo inayobeba gunia la mahindi kwenda mashineni, ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati, na ndiyo inayomfikisha katekista kwenye kigango cha mbali siku ya Jumapili. Wakati wa kiangazi vumbi la bondeni huingia katika mnyororo, na miiba ya migunga haihurumii mpira. Masika yakifika, udongo mweusi hunata katika magurudumu hata yakakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli huwa yeye ndiye anayebebwa na miguu yake huku ameibeba baiskeli begani. Tena anayetaka kupanda kwenda Mbulu mjini hana budi kushuka na kuisukuma kwa mikono.

Kwa hiyo mtu wa hapa akiambiwa kwamba wako watu waliokwenda kwa baiskeli maili 200 leo, na 200 kesho, na 200 keshokutwa, wasipumzike mpaka mwaka ukaisha, ataguna na kusema, "Hizo ni hadithi." Lakini si hadithi. Mambo hayo yamefanyika, yamehesabiwa na kuandikwa, na majina ya watu hao yanajulikana. Yafaa tuyasome, kwa kuwa ndani yake mna mafundisho kwa mtu mwenye baiskeli na kwa asiye nayo.

Mashindano yenyewe ni mepesi kuyaeleza. Mashindano ya baiskeli yaliyo maarufu kuliko yote, yale ya kuizunguka Ufaransa, huchukua majuma matatu. Haya huchukua mwaka. Mshindani huchagua siku ya kuanza, na kuanzia hapo kila maili anayokwenda huandikwa. Siku ya 365 ikiisha, hesabu hufungwa. Aliyekwenda mbali kuliko wote waliomtangulia ndiye mwenye rekodi. Mshindani anaweza kufuata njia yoyote aipendayo, na kwa kawaida hamwoni mpinzani wake kwa macho.

MWANZO WAKE

Mwaka 1910 huko Uingereza alikuwako mtu mmoja, jina lake Harry Long, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka nchini kutafuta wateja wa bidhaa. Alizunguka kwa baiskeli, na mwaka ulipokwisha alikuwa amekwenda maili 25,376. Habari hiyo iliwashangaza watu, na gazeti moja la waendesha baiskeli liitwalo Cycling likaona ni jambo jema kuanzisha mashindano. Mwaka 1911 gazeti hilo likatangaza kwamba atakayekwenda safari nyingi kuliko wenzake, kila safari isipungue maili 100 kwa siku moja, atapewa zawadi.

Mshindi wa mwaka ule alikuwa kijana Marcel Planes. Alitimiza safari 332 za maili 100 au zaidi, na jumla yake ikawa maili 34,366. Hesabu ya kilomita ni zaidi ya 55,000. Baiskeli za wakati ule zilikuwa nzito, na barabara nyingi hazikuwa na lami. Rekodi ya Planes ilidumu zaidi ya miaka 20, mpaka Arthur Humbles alipoivunja mwaka 1932 kwa maili 36,007.

Labda msomaji atauliza: nani alikuwa akihesabu? Swali hilo ni la haki, maana mtu aliye peke yake barabarani anaweza kurudi nyumbani na kusema lolote. Washindani walibeba kadi. Kila walipopita katika mji au kijiji walimtafuta mtu mwaminifu, wakamwomba atie sahihi kuwa amewaona, na kadi hizo zikapelekwa kwenye gazeti. Baadaye vikatumika pia vipima maili vilivyofungwa gurudumuni.

Sisi tunaoandika vitabu vya parokia tunalifahamu jambo hili vizuri. Ndoa haiandikwi bila mashahidi, wala ubatizo bila msimamizi. Si kwamba wanaooana wanadhaniwa kuwa waongo. Sababu ni kwamba miaka itapita, watu watakufa, na kitakachobaki ni maandishi na majina ya walioona. Kwa ajili ya kadi zile zilizotiwa sahihi na watu wasiojulikana, sisi leo twaweza kusema kwa hakika nini kilifanyika mwaka 1911.

UINGEREZA NA AUSTRALIA ZAPIMANA NGUVU

Mwaka 1933 rekodi ilivuka bahari. Mwaustralia mmoja, Ossie Nicholson, alikwenda maili 43,966. Waingereza hawakufurahi kuona rekodi yao imechukuliwa, na wengi wakatamani kuirudisha.

Aliyeirudisha alikuwa mtu ambaye wengi wasingemdhania. Huyo ni Walter Greaves, mtu wa Bradford, aliyekuwa na mkono mmoja tu. Baiskeli yake ilitengenezwa kwa namna ya kumwezesha kuishika na kufunga breki kwa mkono huo mmoja. Alianza mwezi wa Januari 1936, wakati wa baridi kali ya huko, barabara zikiwa na barafu, naye akateleza na kuanguka mara nyingi. Hakula nyama wala hakunywa pombe. Katikati ya mwaka jipu lilimlaza, akapoteza siku nyingi. Hata hivyo mwisho wa mwaka alikuwa amefika maili 45,383, na rekodi ikawa yake.

Mwaka uliofuata, 1937, ndipo moto ulipowaka. Nicholson huko Australia alisema ataichukua tena rekodi. Wakati huohuo huko Uingereza alitoka mwanamume mwenye asili ya Kifaransa, René Menzies, ambaye umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 40. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mmoja yuko upande huu wa dunia na mwingine upande ule. Mmoja akiwa katika baridi, mwenzake yumo katika joto. Hawakupata kupeana mkono wala kutazamana usoni. Kila mmoja alikuwa akizijua habari za mwenzake kwa kusoma magazeti tu, na kila aliposoma akajua kama kesho apige kanyagio zaidi au la.

Mwaka ulipokwisha, Menzies alikuwa amekwenda maili 61,561. Nicholson alikuwa amekwenda maili 62,657. Tofauti yao ilikuwa maili 1,096 tu. Ukizigawa kwa siku 365, unapata maili tatu kwa siku. Mtu mwenye baiskeli nzima na njia nzuri hutumia kama robo saa kwenda maili tatu. Robo saa hiyo kila siku ndiyo iliyowatenganisha.

Wanawake nao hawakukaa nyuma. Mwaka 1938 mwanamke wa Kiingereza, Bibi Billie Dovey, ambaye baadaye aliitwa Billie Fleming, alianza safari tarehe 1 Januari akitaka kuwaonyesha wanawake wenzake kwamba mazoezi ya mwili ni kwa afya yao pia. Mwaka ulipoisha alikuwa amekwenda maili 29,603. Bibi huyo aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2014.

WATATU WALIOTOKA SIKU MOJA

Sasa tunafika kwenye mwaka 1939, ambao ndio mwaka mkubwa katika habari hizi. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo Waingereza watatu walitoka, kila mmoja akiwa na nia ya kuvunja rekodi ya Nicholson. Majina yao ni Tommy Godwin, Bernard Bennett na Edward Swann.

Bw. Swann hakwenda mbali. Alipofika maili 939 alianguka vibaya, na mashindano yake yakaishia hapo. Wakabaki wawili.

Bw. Bennett hakuwa mgeni wa kazi hii. Mwaka 1937, wakati Menzies na Nicholson walipokuwa wakishindana, yeye pia alikuwamo barabarani, akafika maili 45,801. Maili hizo zilitosha kuipita rekodi ya Greaves, lakini wenzake wawili walikuwa wamekwenda mbali zaidi, na sifa zikawa zao. Mwaka 1939 alikuwa amerudi kujaribu tena.

Bw. Godwin alizaliwa mwaka 1912 katika mji wa Stoke-on-Trent, ambako watu wengi walifanya kazi ya kutengeneza vyombo vya udongo. Alitoka katika familia kubwa, na akiwa bado mtoto alianza kazi ya kupeleka bidhaa kwa wateja kwa baiskeli yenye kikapu kizito cha chuma mbele. Alipokuwa na miaka 14 alitaka kuingia mashindano ya maili 25. Hakuwa na baiskeli ya mashindano. Akachukua msumeno, akakikata kile kikapu, akaazima magurudumu, akaenda kushindana. Alitumia dakika 65, akashinda. Godwin naye hakula nyama.

DENI LA MAILI 922

Usidhani kwamba Godwin aliongoza tangu siku ya kwanza. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa ya baridi na giza, na alipojilinganisha na hesabu za Nicholson za miezi kama hiyo alijikuta yuko nyuma kwa maili 922.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mtu akiliona deni lote kwa pamoja, moyo humvunjika. Lakini zilikuwa zimebaki siku kama 300. Deni la maili 922 ukiligawa kwa siku 300 ni maili tatu na kidogo kila siku. Godwin hakujaribu kulilipa lote kwa juma moja. Aliongeza mwendo wake kidogo kidogo mpaka akapita maili 200 kwa siku, akadumu hapo. Siku ya tarehe 21 Juni, ambayo huko Ulaya ndiyo yenye mwanga mrefu kuliko zote, alikaa juu ya baiskeli saa 18, akaenda maili 361. Hizo ni kilomita 581, si pungufu sana ya safari ya basi kutoka Arusha hadi Dar es Salaam.

Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, yenye uzito uliopita ratili 30. Kwanza aliendesha baiskeli ya kampuni ndogo iitwayo Ley, na gharama zilipozidi uwezo wao akachukuliwa na kampuni ya Raleigh. Jina hilo baba zetu na babu zetu wanalijua sana, maana Raleigh ndizo zilizokuwa zikipita katika njia zetu za vijijini, mwenyewe akiisugua kila Jumamosi hata ing'ae.

Mwezi wa Septemba 1939 vita kuu ya pili ikaanza. Serikali ya Uingereza ikaamuru taa zote zifunikwe usiku ili ndege za adui zisione miji. Taa ya baiskeli nayo ilifunikwa, ikabaki mwanya mdogo tu wa mwanga. Fikiri basi mtu anayeendesha usiku wa manane, mvua ya baridi inanyesha, barabara haionekani, na magari nayo yanakuja bila taa za kutosha. Godwin aliendelea. Tarehe 26 Oktoba aliingia katika uwanja wa Trafalgar Square mjini London akiwa ametimiza maili 62,658. Rekodi ya Nicholson ilikuwa imevunjwa, na bado zilikuwa zimebaki siku zaidi ya 60.

Wengi wangekwenda kulala. Yeye aliendesha mpaka tarehe 31 Desemba, na hesabu ilipofungwa ikawa maili 75,065. Hizo ni kilomita 120,805, mwendo wa kuizunguka dunia yote mara tatu. Kwa kila siku ya mwaka ni maili 205, yaani kama kilomita 330, yapata safari ya kutoka Arusha kupitia Babati hadi Singida. Wala hata hapo hakushuka. Aliendelea mpaka Mei 1940, akatimiza maili 100,000 kwa siku 500.

Aliposhuka mwishowe, miguu yake ilikuwa imesahau kutembea. Ilimpasa kutumia majuma kadhaa kujifunza kwenda kama watu wengine, kisha akaingia katika jeshi la anga la nchi yake, maana vita ilikuwa inaendelea.

BW. BENNETT ALIPATA NINI?

Magazeti hupenda mshindi, na hadithi nyingi huishia hapo. Lakini tusimwache Bw. Bennett barabarani. Mwaka ule wa 1939 yeye alikwenda maili 65,127. Ilinganishe hesabu hiyo na ile ya Nicholson. Bennett naye alikuwa ameivunja rekodi ya dunia, tena kwa maili 2,470! Ingekuwa mwaka mwingine wowote kabla ya hapo, angepigiwa vigelegele na jina lake lingewekwa mbele. Kwa kuwa alitoka siku moja na Godwin, alikuwa wa pili, na watu wachache tu wanalikumbuka jina lake.

Je, mwaka wake ulipotea? Mimi nasema hapana. Alianza mwaka 1937 na maili 45,801, na miaka miwili baadaye akaongeza karibu maili 20,000 juu yake. Miguu yake ndiyo iliyokwenda maili hizo, na hakuna awezaye kuziondoa. Tena Godwin asingefika alipofika kama asingejua kila juma kwamba Bennett yuko barabarani naye. Mkulima akiamka na kusikia jembe la jirani linalia shambani, haendelei kulala. Jirani huyo hakumnyang'anya kitu, amemwamsha.

Godwin mwenyewe hakupata utajiri. Vita ilipokwisha alitaka kurudi katika mashindano ya watu wasiolipwa, akakataliwa kwa sababu alikuwa amekwisha kupokea fedha za makampuni. Hakununa akakaa pembeni. Miaka iliyofuata aliwafundisha vijana wa chama cha baiskeli cha kwao. Mwaka 1975, akiwa na miaka 63, alikwenda na rafiki zake kwa baiskeli kutazama ngome ya zamani iliyoko Tutbury. Wakati wa kurudi nyumbani akafariki.

MIAKA 76 BAADAYE

Rekodi ya Godwin ilikaa muda mrefu hata watu wakasema haitavunjwa kamwe. Barabara zilijaa magari, na kukaa humo mwaka mzima usiku na mchana kukawa kama kuchezea roho. Lakini mwaka 2015 wakatokea wanaume wawili.

Wa kwanza alikuwa Mwingereza Steve Abraham wa mji wa Milton Keynes. Alianza tarehe 1 Januari 2015, kama Godwin. Wa pili alikuwa Mmarekani wa jimbo la Arkansas, Kurt Searvogel, mwenye zaidi ya miaka 50, aliyeanza tarehe 10 Januari. Safari hii hapakuwa na kadi. Kila mmoja alichukua chombo kidogo kinachopokea ishara za setilaiti, kikaandika kila mahali alipopita, na watu wa dunia nzima wakaweza kutazama kila siku. Shahidi amebadilika, lakini kazi yake ni ileile.

Abraham alikwenda vizuri kwa miezi mitatu. Ndipo tarehe 29 Machi aligongwa na pikipiki ndogo, kifundo cha mguu kikavunjika. Hapa tunaona ukali wa mashindano haya. Deni la Godwin lilikuwa maili tatu kwa siku, na mtu mzima aliweza kulilipa. Lakini anayelala kitandani siku moja anapoteza maili 205 mara moja, na ukiweza kuongeza maili 20 kila siku utahitaji siku 10 kuifidia siku hiyo moja. Akilala mwezi, hesabu haikubali tena. Abraham alijaribu hata hivyo. Mguu mmoja ukiwa bado haujapona, alipanda baiskeli ya magurudumu matatu akawa anakanyaga kwa mguu mmoja. Mwezi wa Agosti 2015 aliamua kuanza mwaka mpya tangu maili ya kwanza, huku mpinzani wake akiwa amekwisha kuvuka nusu ya safari. Hakuipata rekodi aliyoitafuta, lakini watu waliomfuata hawakuacha kumheshimu.

Searvogel alifunga hesabu yake tarehe 9 Januari 2016. Alikuwa na maili 76,076. Baada ya miaka 76, na baiskeli nyepesi, na barabara za lami, na mke wake akimfuata kwa chakula, nguo kavu na vyombo vya kutengenezea, alimpita Godwin kwa maili 1,011 tu. Jambo hilo linaonyesha Godwin alikuwa mtu wa namna gani.

BINTI ALIYEGONGWA NA GARI

Hadithi haikuishia kwa wanaume. Katika jimbo la Florida huko Marekani kulikuwa na binti aitwaye Amanda Coker. Mwaka 2011 alipokuwa akiendesha baiskeli aligongwa na gari, akaumia hata ubongo. Ilimchukua muda mrefu kupona, na kwa miaka kadhaa aliogopa barabara.

Tarehe 15 Mei 2016, akiwa na miaka 23, alianza mwaka wake. Hakwenda kwenye barabara kuu. Alichagua hifadhi moja karibu na mji wa Tampa yenye njia ya mviringo ya maili kama saba ambamo magari hayapiti, na wazazi wake wakawa wakimsaidia kwa chakula na matengenezo. Alizunguka njia hiyo asubuhi, akaizunguka mchana, akaizunguka jioni. Kesho yake hivyohivyo. Miti ileile, kona ileile. Nadhani wengi wetu tungechoka akili kabla ya miguu. Mwaka ulipofungwa tarehe 14 Mei 2017 alikuwa amekwenda maili 86,573, yaani kilomita 139,326, zaidi ya Searvogel kwa maili elfu kumi. Kisha akaendelea, akatimiza maili 100,000 kwa siku 423, wakati Godwin alitumia siku 500.

TUSEME NINI JUU YA HAYA?

Wako watakaouliza: je, kazi hii ina faida gani? Mtu amezunguka, amezunguka, na jioni yuko palepale. Hakulima, hakujenga. Swali hili ni zuri, na tusilikimbie. Tena sisi Wakatoliki tunalo neno la kuongeza: watu hawa hawakuwa na siku ya kupumzika. Jumapili kwao ilikuwa kama Jumanne. Sisi tumepewa siku ya Bwana ili mwili upumzike na roho ilishwe, na anayeishi kwa kufuata desturi ya Godwin mwaka hata mwaka ataivunja nyumba yake. Kwa hiyo sisemi kwamba vijana wetu wauache ufugaji na kilimo wakazunguke na baiskeli mchana kutwa.

Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto aliwapa mfano wa watu wanaoshindana mbio. Hakusema kila Mkristo awe mkimbiaji. Alitaka waone namna wakimbiaji wanavyojinyima kwa ajili ya taji linaloharibika. Kanisa nalo halikuwadharau waendesha baiskeli. Mwaka 1949 Papa Pio wa 12 alimtangaza Mama Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye ana kikanisa chake mlimani huko Italia, kuwa msimamizi wao.

Basi tujifunze hesabu yao. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda maili 75,000. Hakuna binadamu awezaye kupanda baiskeli akaenda maili 75,000. Walikwenda maili 200, wakalala, wakaamka, wakaenda tena 200. Haba na haba hujaza kibaba. Na kilichowaangusha walioanguka, mara nyingi haikuwa mwendo mdogo, bali siku zilizokosekana kabisa.

HESABU YA NYUMBANI

Wazazi, hesabu hii twaweza kuifanya nyumbani jioni, watoto wakiwa wamekaa karibu na moto. Wako watoto katika vijiji vyetu wanaotembea kilomita tano kwenda shule na tano kurudi, kwa miguu, bila baiskeli. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Kilomita 10 mara siku 194 ni kilomita 1,940. Mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka saba bila kukosa ametembea kilomita 13,580. Hiyo ni theluthi moja ya mzunguko wa dunia, na ameutembea mtoto aliyebeba daftari mkononi, wakati mwingine na dumu la maji au kuni.

Hakuna gazeti lililotangaza zawadi kwa mtoto huyo. Lakini shahidi yupo: ni daftari la mahudhurio ambalo mwalimu hulitia alama kila asubuhi. Nililitia alama nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, na naweza kusema kwamba daftari hilo husoma kama kadi za washindani. Mtoto aliye nyuma kidogo katika masomo lakini anakuja kila siku, deni lake ni la maili tatu, polepole atalilipa. Mtoto anayeachwa kuchunga ng'ombe leo, na kesho tena, na siku ya mnada pia, huyo ni kama aliyevunjika mguu. Akirudi baada ya mwezi, wenzake wamekwisha kuvuka mlima, naye atatakiwa kukimbia wakati wengine wanatembea. Wengi hawarudi kabisa, wala si kwa sababu ya akili ndogo.

Ng'ombe ni mali, najua, na bonde letu haliishi bila mifugo. Hata hivyo Searvogel alikuwa na mke wa kumfuata, na Amanda alikuwa na baba na mama wa kumshikia chakula njiani. Mtoto naye asiachwe peke yake katika safari yake. Kama kuna kazi ya mifugo, wakubwa wapange zamu, hata kama ni kwa kusaidiana na jirani, ili daftari la mtoto lisiwe na mapengo. Asubuhi apewe uji. Jioni aulizwe ameona nini na amesoma nini. Na siku ya Jumapili, ambayo Godwin hakuwa nayo, apumzike pamoja nanyi baada ya Misa, ili Jumatatu miguu iwe tayari.